Siku Kumi za Mkwara

Bwana mifugo alisema siku kumi:
asiruke, asiloe, asijilambe.
Aliyasema hayo kule chini, Nyamanoro,
hajui nyumba yangu iko wapi.

Nilimbeba Mkwara ngazi sitini na tatu
katikati ya mawe ya Mabatini,
kichwa kimelegea begani kwangu,
pumzi ikinuka dawa ya usingizi.

Jirani Malimi alicheka mpaka akakaa:
"Umemfanya maksai! Haya, atalima wapi
juu ya miamba hii?"

Sikumjibu. Nilikuwa nakata kitako cha ndoo ya rangi,
ile ya bluu uliyoichagua wewe, Nkwimba,
niifanye kola.
Ameivaa. Anagonga mlango,
anagonga sufuria, anagonga ndoto zake.

Usiku wa pili alilia kidogo tu, kwa adabu.
Nikashuka kitandani, nikalala naye sakafuni,
nikaumulika mshono kwa tochi ya simu:
nyuzi nne, hakuna usaha.
Upepo wa ziwa ulikuwa unachezea bati.
Nikakumbuka Bugando, ngiri yangu,
na wewe ukihesabu nyuzi vivyo hivyo,
ukinikemea, "Usijikune, mtu mzima."

Leo ni ya saba.
Amekula uji wa dagaa, akalamba sahani
hadi ndoo ikakwama.
Jike la Malimi limepita na msafara wake wa madume.
Mkwara akainua ndoo, akatazama,
akapiga chafya,
akanigeukia:
sahani iko wapi?