Una Deni

Attracta ananawa mikono mara ya pili.
"Kitabu hiki hakipendi siagi," anasema,
na kukitua mezani kama mtoto aliyelala.
Nje, mvua ya Roscommon haianguki, inaning'inia tu.
Nimetoka Butte, Montana, mji wa migodi ya shaba,
na jina moja mfukoni:
Una Gearty,
mama wa bibi wa mama yangu.

Hayumo.

Mna Honora, mna Brigida, mna Maria wasiohesabika,
mna Gearty na Gerity na Garaty,
ukoo mmoja, padri mmoja, masikio ya siku mbalimbali.
Lakini Una hayumo. Kwa saa nne nafunua,
kurasa zinanukia moshi wa udongo, ndio kuni za huku,
wino umefifia ukawa rangi ya chai iliyotiwa maji mara ya pili.

"Padri alipenda Kilatini kuliko watu," Attracta anasema.
"Una, masikioni mwake, alisikia uan, mwanakondoo.
Mwanakondoo kanisani ni agnus.
Mtafute Agnes."

Februari tisa, elfu moja mia nane arobaini na sita:
Agnes, wa Festus Gearty na Brigida,
kabatizwa ana siku tatu,
na pembeni, palipotakiwa shilingi mbili na nusu,
neno moja: debet.
Anadaiwa.

Nilicheka, kisha kicheko kikakwama.
Huyu ndiye Una aliyepangisha vyumba kwa wachimba shaba kumi na wanane,
aliyemlipa muuza unga kabla unga haujapimwa,
aliyekufa, walisimulia, akihesabu vidole:
sidaiwi, sidaiwi, sidaiwi.
Una, una nini kiganjani, nyanya?
Una siku tatu tu duniani
na tayari una deni.

Nikatoa pochi. Dawa ya deni ni kulipa.
Attracta akatafuta kitabu cha risiti,
akauliza aandike jina la nani,
na shilingi zile ni yuro ngapi, na riba je?
Tukapiga hesabu nyuma ya bahasha ya sadaka.
Kisha akanyamaza. Kidole chake kikasimama.

"Watazame waliolipa," akasema.
Waliolipa wana majina tu: baba, mama, mtoto, basi.
Ila kando ya kila debet, kwa herufi za sisimizi,
padri ameandika mahali,
apate kujua mlango wa kubisha:
Cloonbarra, juu ya kisima.

Hakubisha. Kurasa tano mbele mwandiko unayumba,
viazi vimekwisha kuoza ardhini,
wa kubatizwa wanapungua, mwezi mzima mtoto mmoja,
halafu mwandiko wa mtu mwingine.
Hakuna safu ya waliozikwa.
Hakuna safu ya waliofunga mlango wakaenda melini.

Nikarudisha pochi.

Cloonbarra ni malisho. Ng'ombe saba, upupu hadi kiunoni,
kisima kimefunikwa bati.
Juu yake jiwe la meko, jeusi upande mmoja.
Nilisimama pale sina sala ya kufaa.
Kama Festus angezipata zile shilingi,
kama angeuza kuku, kama jirani angemwazima,
ningebaki na jina lisilo na njia.

Mvua nayo ikaamua kunyesha.
Sarafu zikagongana mfukoni, nikazibana kwa mkono.
Sikulipa, Una. Acha tudaiwe.
Atakayekuja baada yangu
ajue pa kubisha.