Barua kwa Ghorofa ya Nane

Daegu, Desemba. Narudi alfajiri
kutoka kituo cha simu, masikio yamevimba
kwa matusi ya watu wasiowahi kuniona,
na nikishavuta pazia tu,
mtoto wa nane-sifuri-tatu anaanza mbio.

Jikoni hadi dirishani. Dirishani hadi jikoni.
Kisigino kimoja kizito kuliko kingine;
hicho kisigino nakijua
kuliko ninavyomjua shemeji yangu.

Nikampigia mlinzi, Bwana Pyo. "Nitawaambia."
Akawaambia. Siku mbili wakatembea kama wezi.
Ya tatu, mpira.

Basi nikaandika barua.
Ya kwanza ilikuwa na neno *sheria*. Nikaichana.
Ya pili ilianza na hali ya hewa, ikaishia na *tafadhali* tatu
zilizopangana kama meno. Nikaichana.
Katika ya tatu nilisema mimi ni mgonjwa.
Si mgonjwa. Nimechoka,
na uchovu hauna cheti cha daktari.

Jumamosi, kwenye lifti:
mama, gunia la mchele la kilo kumi,
na mwenyewe, mwenye kisigino,
soksi za dinosa, jino la mbele halipo.
Barua ya nne imo mfukoni, imelowa jasho la kiganja.
"Baridi imezidi," akasema mama.
"Imezidi kweli," nikasema.
Mtoto akazihesabu ghorofa kwa sauti kubwa
kana kwamba ndiye anayeivuta lifti.
Ya saba, akaniinamia kuniaga.
Nikashuka na karatasi yangu.

Jana usiku sikuwa na zamu.
Usingizi wangu, uliokwisha kuzoea mchana, haukuja.
Saa nane za usiku nikaosha vyombo. Nikafua.
Nikatoka jikoni hadi dirishani,
dirishani hadi jikoni.

Asubuhi, mlangoni, karatasi ya njano
kwa mwandiko unaotetemeka:

*Jirani wa saba-sifuri-tatu,
samahani kwa usumbufu.
Mimi ni Tak Bun-rye, wa chini yako.
Nasikia unatembea usiku kucha.
Je, uko salama?*

Nikaisoma pale pale kizingitini,
bila kujua, nimesimama kwa ncha za vidole.
Kabla ya *uko salama* pana mstari uliokatwa
kwa kalamu, mara mbili, mara tatu.
Nikaiinua karatasi kwenye taa.
Chini ya wino, neno moja bado linasomeka:
*sheria*.