Nyuzi

Bonde la Selška, Februari. Theluji imelalia bati la karakana
na ndani, juu ya meza ya majaribio,
mota yetu inaungua kimyakimya.

Nimepiga hesabu ya kutoa
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu:
umeme ulioingia, kazi iliyotoka,
toa joto la shaba, toa joto la chuma,
toa beringi, toa upepo.
Bado wati mia nne na kumi hazina mwenyewe.

Hazikupotea. Zimo ndani ya sumaku,
mle tusimopeleka waya hata mmoja,
zinazunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta,
macho yamefungwa, safari ndefu, pale pale.
Umeme huu hatukuualika.
Huzaliwa humo humo kila uga unapotikisika,
na ukikuta uwanja mpana, hucheza.

Nyuzi mia moja thelathini na nane.
Sumaku ikipata joto husahau:
kwanza kidogo, nguvu za asubuhi,
kisha kaskazini yake.

"Tuikate," nikamwambia Vitomir.
Akanitazama kama niliyetaka kupasua mtoto.
"Sumaku nzima? Kwa bei hii?"
"Vipande kumi na viwili, gundi kati yao.
Umeme unataka uwanja. Tuupe vichochoro."

Tukakata. Msumeno wa waya ulitafuna tangu asubuhi,
unga mweusi, unga wa pesa, ukaenda na maji.
Tukagandisha, tukafunga, tukawasha.
Nyuzi mia moja thelathini na sita.
Vitomir hakusema neno. Alichukua koti lake.

Nyumbani mama alikuwa na mto wa lesi mapajani,
vijiti vikigongana kama meno ya mwenye baridi.
"Leo nyuzi ngapi?" aliuliza.
Nikamwambia. Zake hamsini na sita, zangu mia na ushei,
na zangu hazikuwa zimesuka kitu.
Nikampa kipande kilichobaki mfukoni.
Akakipitisha ukuchani, akakipeleka kwenye taa.
"Mbona kinang'aa pande zote?"

Nikeli.
Tulikivisha kila kipande joho la chuma
kisha tukashangaa vinashikana mikono.
Gundi ilikuwa nyembamba, na penye tundu moja
umeme ulipita kama jirani asiyebisha hodi.

"Uzi ukigusa uzi pasipotakiwa," mama akasema,
"hiyo si lesi tena, ni fundo,"
akarudi kwenye ua lake, petali ya nne.

Wiki tatu. Joho jipya: rangi ya epoksi,
na Ludvik wa zamu ya usiku akipima kila ungio
kwa mita iliyofungwa utepe, huku akipiga miluzi.
Tukawasha.
Tisini na moja.
Ludvik akaweka kiganja juu ya kasha la mota, akakiacha hapo,
kama anayempima mgonjwa aliyeamka na njaa.

Wati sabini bado sijui zinakokwenda.
Vitomir ananunua keki.
Nitamwambia Jumatatu.