Watachoka

Saa nane usiku. Anatapika tena.
Naijua sasa dalili inayotangulia:
tumbo linajikaza, mbavu zinapanda na kushuka
kama mivukuto ya mhunzi,
kisha povu la manjano, unyasi mmoja,
na tangu jana alfajiri, uzi wa damu.
Namwaga majivu, nazoa, napiga deki.
Majivu ya kuni yamekwisha. Nakwangua ya chini kabisa.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki kutoka Arua mjini,
buti zimeganda tope la Enyau.
Akainua mdomo, akabonyeza ufizi,
akasubiri rangi irudi. Ilichelewa.
"Si sumu," akasema, maana nilikuwa nimeshamtaja mtu.
"Ni utumbo. Umepita mtaa mzima,
umebeba hata wale wawili wa parokiani. Ungemchanja..."
akaliacha neno hapo hapo.
Chupa ya dripu akaitundika kwenye kamba ya nguo
kati ya shati la shule la Ayikoru na leso yangu.
Elfu sitini.
Dada yangu kwenye simu: "Mbwa, Driciru? Mbwa?"
Nikasema mtandao unakatika.

Jina lake Watachoka.
Nilimpa mwenyewe, mwaka ule Avutia alipong'oa mche wa mpaka
akaupanda hatua saba ndani ya muhogo wangu.
Kwetu mbwa hubeba maneno
ambayo mwenyewe huwezi kwenda kuyasema.
Kila magharibi nikisimama nyuma ya jiko,
uso wangu kwake, naita mpaka mshipa wa shingo usimame:
Watachokaaa!
Naye anakuja mbio, mkia unampiga ubavuni,
hajui kwamba yeye ni tusi.
Miaka minne amelikimbilia tusi langu
kana kwamba nimemwita asali.

Usiku huu namwita kwa kunong'ona.
Watachoka, kidogo tu. Watachoka, ramba.
Maji, sukari, chumvi ya kubana kwa vidole,
bomba la sindano lisilo na ncha, pembeni mwa shavu.
Tone. Nangoja. Tone.
Anameza kwa adabu, macho kwangu,
kisha anayarudisha yote juu ya goti langu
na masikio yanalala kwa haya.
Usione haya, wewe.
Mimi nilitapika kwenye harusi ya kaka yangu,
mbele ya wakwe.

Kurunzi. Mtu anapita katikati ya muhogo,
na kwa mara ya kwanza mbwa huyu habweki.
Hilo ndilo lililonitia baridi, si hatua zile.
Avutia, shuka begani, debe mkononi.
"Nimekusikia ukikwangua jiko," anasema.
Ndani ya debe, majivu ya kuni, bado yana joto.
Analitua. Haondoki.
Anachuchumaa, anamtazama mbwa
kama anayesoma barua iliyotumwa kwake zamani.
"Jina hili," anasema, "limenichosha kweli."
Nikacheka, nadhani. Kitu kilinitoka puani.
Juu ya mche wa mpaka hatukusema neno,
na sikusahau kwamba hatukusema.

Anashika kurunzi, nashika bomba.
Nilikuwa na maneno tayari ya siku mbaya:
kachoka, basi, pumzika.
Nayatafuta, nakuta jingine mdomoni:
usichoke.
Watachoka, usichoke.

Tone.
Sote wawili tunalitazama tumbo.
Mbavu zinapanda. Zinashuka.
Zinapanda, zinakaa juu kidogo...
Kimya.
Jogoo wa Avutia anawika, mjinga yule, kabla ya saa yake.
Bado kimya. Sikiamini.
Navuta maji mengine ndani ya bomba.