Zamu ya Tanuri

Urzedo tanuri ni la wote,
kuni ni za aliyetangulia.
Usicheke. Tanuri lililopoa lina njaa ya wiki nzima,
hula mzigo wa punda wa kuni za mwaloni
kabla ya kukubali mkate mmoja.
Wa pili huongeza nusu mzigo, wa tatu vijiti.
Basi kutangulia ni adhabu,
na adhabu, walisema waliolala nyuma ya kanisa,
igawanywe kama mkate.

Ndipo ikachongwa fimbo.
Chale arobaini na moja, kila nyumba na chale yake:
ya Firmino mhunzi imepinda kama kwato;
za akina Belmira ni mbili zilizobanana,
maana ndugu wale waligawana nyumba kwa ukuta
wasisemezane hadi kaburini,
lakini tanuri waliwasha.
Ya kwetu iko karibu na mshiko, imesuguliwa na viganja.
Naijua kwa kidole gumba, hata gizani.

Jumapili jioni fimbo huegemezwa mlangoni kwa anayefuata.
Hakuna kubisha hodi, hakuna kuitika.
Asubuhi moshi ndio unaosema.

Mwaka ule theluji ilipoziba madirisha
na mbwa mwitu wakashuka hadi kisimani,
mjane Etelvina, mimba ya miezi minane,
alikuwa na zamu, hakuwa na kuni.
Bibi alisimulia hivi tu:
“Asubuhi tulikuta mlango wake umezibwa.”
Kwa theluji?
“Kwa kuni.”
Nani, hakusema. Hata divai mpya ya Novemba
haikumtoa mtu siri hiyo.

Kisha Ufaransa.
Walivuka milima usiku, bila karatasi,
kila mmoja amechana picha yake katikati:
nusu mfukoni, nusu kwa aliyebaki.
Ukifika salama unaituma yako kwa posta,
uso ukutane na uso, ndipo mpitishaji alipwe.
Mama alimuunganisha baba juu ya meza yenye unga,
sikio la kushoto, sikio la kulia,
akajipangusa mikono, akaenda kulipa.
Nusu ya Anibal wa kinuni haikurudi.
Mama yake aliendelea kukanda mikate mitano
kwa nyumba ya watu wanne.

Sasa nyumba zinazotoa moshi ni sita.
Gari la mikate hupiga honi Jumanne na Ijumaa:
mkate mweupe, laini kama udhuru.
Fimbo bado naitembeza.
Sheria haikusema mlango uwe na mtu nyuma yake.
Kwa Firmino ililala wiki nzima katika utando wa buibui,
kwa akina Belmira wiki mbili, moja kila upande, kwa haki.
Zamu ya asiyekuwepo, tanuri hukaa baridi
nasi tunanunua udhuru.

Agosti hii niliiegemeza kwa Etelvina.
Jumatatu haikuwepo.
Niliikuta dirishani, imezuia kioo kisidondoke,
na kijana mrefu, mjukuu wa yule mtoto wa theluji,
akinisalimu kwa Kireno cha kuokoteza.
Nilikuja na hasira zangu zote, nikazikosea mahali pa kuziweka.
Nikashika gumba lake, nikaliweka juu ya chale yao.
“Kuni,” nikasema, nikamwonyesha mlima.

Akaleta msonobari mbichi, maskini.
Moshi ukashuka badala ya kupanda,
kijiji kizima kikakohoa,
Zulmiro akamtukana kwa Kifaransa chake cha mjengo,
yule kijana akacheka mpaka akakaa chini.
Mikate ilitoka na ladha ya utomvu,
nyeusi chini, mbichi katikati.
Tuliila yote.

Jumapili jioni aliuliza kwa mkono: iende wapi?
Nikamwonyesha nyumba ya kinu,
iliyofungwa tangu mama yake Anibal azikwe.
Akaiegemeza fimbo polepole, kama mtu anayelaza mtoto,
akarudi nyuma hatua moja,
kisha, kabla sijamkataza,
akabisha hodi.