Kazi ya Marehemu

Fomu ina kisanduku chembamba: Kazi ya marehemu.
Nikamuuliza Bi Mwanashali, naye akajibu
bila kuinua uso kutoka mkobani,
"Rubani."
Nikauliza, wa shirika gani?

Akacheka. Msiba wa siku nne, na akacheka
hadi mlinzi akachungulia dirishani.
"Babangu alijua nyuni tu. Ndege hakuipanda umri wake.
Alisema kitu kisichogusa mai hakiaminiki."

Mimi ni Komora, wa Hola, mtoto wa mto.
Nina mwaka wa pili katika afisi hii ya Lamu
na bado kuna maneno ya hapa
yananipita kama punda kwenye uchochoro:
nabana ukutani, yanapita.

Basi akanieleza, kidole juu ya meza yangu.
Mkebe wa pini ukawa Manda,
muhuri ukawa Shela,
na chai niliyokuwa nimeimwaga
ikawa fungu la mchanga.
Meli ikitoka mbali haijiingilii tu.
Husimama nde, hupiga honi.
Nahodha anakijua chombo chake
kama mtu ajuavyo jino lake bovu,
ila huu mlango haujui.
Ndipo Famau Lali hutoka na mashua ndogo,
hupanda kwa ngazi ya kamba, viatu shingoni,
husimama kando ya usukani wa watu
na kusema: kaza kidogo. Legeza. Sasa ngoja.

"Meli si yake. Shehena si yake.
Safari yao hakuianza wala hataimaliza.
Ana kipande hicho tu, pale mai yalipo haba.
Akishawavusha, hushuka.
Huyo ndiye rubani."

Nikakumbuka kwetu, mto ukifura Aprili
huhamisha mafungu usiku kucha,
na kuna mtu mmoja tu wa kuuliza asubuhi
mtumbwi upite wapi. Hatukumpa cheo.
Tulimwita kwa mluzi.

Nikarudi kwenye kompyuta. Orodha ikashuka:
mkulima, mvuvi, mwalimu, rubani wa ndege,
seremala, nyinginezo.
Nikabofya nyinginezo.
Aliona. Macho hayo ni ya babake, nadhani.
"Futa hiyo. Babangu si nyinginezo."

Nikamwambia mtambo haukubali.
"Basi mtambo umepanda fungu," akasema.
"Utafutie rubani."

Jumanne nilivuka Manda na bahasha ya makao makuu.
Ndege ya saa tano ilikuwa juu, inazunguka, haishuki.
Mbuzi walikuwa njiani,
na mvulana wa fulana ya manjano akiwafukuza kwa kofia.
Kisha akasimama, akautazama ule mfuko mwekundu
jinsi upepo unavyoujaza na kuuacha,
akasemea redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli:
"Subiri. Subiri bado. Haya, njoo."

Ikashuka. Mwenye mistari ya dhahabu mabegani
akateremka, watalii wakampiga picha.
Mvulana alikuwa ameshageuka,
anamtafuta mbuzi mmoja.

Sikatai. Neno ni la huyu wa angani pia,
limepaa zamani na huko limezoea,
hata kichefuchefu halioni.
Ila siku liliyopaa, liliondoka
kama mtu atokaye msikitini na haraka zake
amevaa viatu vya mwenziwe.

Cheti cha Famau Lali Kupi nimekiandika kwa kalamu,
juu ya neno lililochapwa.
Kisanduku hakikutosha. Nimeendelea pambizoni:
rubani, wa mlango, wa meli za watu,
herufi za mwisho zimeingia chini ya muhuri
na wino umezilainisha kidogo.
Mkubwa wangu atakipitia Alhamisi.
Najua atakachouliza.