Asili na Kiasi

Gazeti la Alhamisi limepiga wino mzito:
ASILIMIA TISINI NA SITA WAPOKELEWA VYUONI.
Chini yake picha: wahitimu kwenye ngazi za shule,
theluji ya Mei imeng'ang'ania ukingo wa paa,
na Tessa Vukelich katikati, meno yote nje.

Namba hiyo niliitoa mimi,
katika chumba cha ushauri kinachotazama shimo la chuma,
kahawa imepoa,
kikokotoo cha jua kinasinzia kwa kukosa jua.
Haina uongo. Ndiyo shida yake.

Ishirini na sita kwa ishirini na saba.
Kiasi juu, asili chini,
na mstari katikati kama kizingiti.

Ila nani wamo kwenye asili?
Walioomba, basi.
Arlo Niemi hakuomba. Dola hamsini za maombi
zilinunua betri ya gari la mama yake,
na gari likawaka, kweli, hata kwenye baridi ile.
Corrine Maki alijaza fomu hadi ukurasa wa nne,
panapotakiwa sahihi ya baba.
Baba yuko visimani Dakota, hapokei simu.
Wako kumi na wanne wa namna hiyo,
na kumi na mmoja walioacha shule kabla,
mmoja mmoja, bila kishindo,
kama taa za mtaa wetu zinavyokufa.
Wote wazaliwa wa hapa, wajukuu wa wachimbaji,
nami nawatoa kwenye asili
ili asilimia ipande.

Posta, mzee Haataja alinishika kiwiko:
"Kwa hiyo mjukuu wangu ana tisini na sita kwa mia?"
Nikamwambia: wewe ni mvuvi wa barafuni.
Nikikueleza kwamba waliofika ng'ambo ya ziwa
karibu wote walifika,
utanunua viatu vipya, au utauliza kwanza
unene wa barafu?
Alicheka. Stempu alilipa kwa sarafu, akizihesabu mara mbili.

Tena kupokelewa si kwenda.
Tessa ana barua kumi na moja, miguu miwili.
Dale Sorvari alipokelewa Chikago;
barua ya kwanza mama yake aliitundika kwenye friji,
ya pili, ile ya fedha, iko chini ya kisanduku cha mkate:
pengo la dola elfu kumi na tisa, kila mwaka.
Kwenye hesabu yangu Dale amepokelewa.
Kwenye hesabu ya mgodi, anaanza Juni, zamu ya usiku.

Na ile asilimia nne
ina jina. Ina koti la kijani lisilofunga zipu.
Minna Lahtela aliomba chuo kimoja tu,
kusomea bahari,
yeye ambaye hajawahi kuonja maji ya chumvi
ila ya kusukutulia koo.
Leo asubuhi ameingia na gazeti.
"Hii nne ni mimi?"
"Tatu nukta saba," nikasema,
na ulimi ukatamani kujimeza.

Hakulia. Alivuta kiti,
akageuza gazeti penye matangazo ya matrekta,
akanipa kalamu.
"Nionyeshe na wote."

Tukaandika hamsini na mbili chini,
darasa la tisa lilivyoingia, pamoja na Arlo, pamoja na Corrine,
pamoja na yule kijana wa viatu vyekundu ambaye
sote wawili tulisahau jina lake
na tukakaa kimya mpaka likaja: Emmett.
Juu, ishirini na sita.

"Nusu," akasema Minna.
"Nusu," nikasema.
Nje lori lilipita, vioo vikatetemeka.
Akaniuliza kama maombi ya Januari
yana ada,
na kama stepla inafanya kazi.